Bima ya gari na ya biashara: inalinda nini, na inakoma wapi unapojitolea

Katika wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, gari moja dogo la mizigo hufanya kazi za magari matatu. Asubuhi hubeba unga wa muhogo na magunia ya chisense yaliyokaushwa hadi soko la Kashikishi. Mchana kamati ya afya ya mtaa humwomba mwenye gari ampeleke mama mjamzito zahanati. Jumapili gari lilelile hubeba viti, masufuria na waombolezaji kwenda msibani. Mwenye gari ana hati moja tu ya bima, na mara nyingi hajui kwamba hati hiyo huenda imeitambua kazi moja kati ya hizo tatu.

Makala haya yanaeleza jinsi bima ya gari na bima ya biashara zinavyofanya kazi, na hasa kile kinachotokea pale mali ya biashara inapotumika kwa kazi ya kujitolea. Yameandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wanaozungumza Kiswahili katika mkoa wa Luapula, wengi wao wakiwa wametoka Pweto, Moba, Kalemie na sehemu nyingine za kusini mashariki mwa Kongo. Hao ni watu waliopokelewa katika kituo cha Kenani kuanzia mwaka 2017, na mapema mwaka 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, ambako wengine wamelima, wamefungua maduka na kununua pikipiki au gari.

Neno lenyewe

Wanaotoka Kongo husema asiransi, wanaotoka Tanzania husema bima, na maana ni moja. Ni mkataba ambao mtu hulipa ada ndogo inayojulikana ili kampuni ibebe hasara kubwa isiyojulikana, kwa masharti yaliyoandikwa. Uzito wote umo katika maneno hayo ya mwisho. Kampuni hailipi kwa sababu mteja amepata hasara. Hulipa kwa sababu hasara aliyoipata ni ile iliyotajwa katika mkataba, na imetokea kwa namna iliyotajwa.

Wengi wetu tulikua bila kulizoea wazo hilo. Nchini Kongo, shirika la serikali SONAS, lililoanzishwa mwaka 1966, lilikuwa peke yake katika soko hadi sheria mpya ya bima ya mwaka 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine. Zambia nayo ilipita njia hiyo: shirika la serikali la ZSIC lilihodhi biashara ya bima kwa miaka mingi, hadi soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pale penye muuzaji mmoja hapana haja ya kuuliza maswali, na watu waliizoea bima kama karatasi ya kumwonyesha askari barabarani. Mazoea hayo bado yapo, na yanagharimu.

Leo bima nchini Zambia inaongozwa na Sheria ya Bima namba 38 ya mwaka 2021, na kampuni, madalali na mawakala wote husimamiwa na Mamlaka ya Pensheni na Bima, inayojulikana kwa herufi PIA, yenye makao yake Lusaka. Wakala yeyote anayekuja kuuza bima sokoni au kambini anapaswa kuwa na leseni. Kumwomba akuonyeshe leseni hiyo si utovu wa adabu.

Karatasi ya askari na karatasi ya hasara

Sheria ya Barabara ya Zambia, namba 11 ya mwaka 2002, inamtaka kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima ya mtu wa tatu. Hesabu ya watu hao ni hii: wa kwanza ni wewe mwenye bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yule uliyemgonga au kumharibia mali. Bima hiyo inamlinda yeye. Gari lako likipinduka kwenye barabara ya Kawambwa, likaibwa au likaungua, bima ya mtu wa tatu haikulipi hata ngwee moja.

Hapo ndipo machozi mengi huanzia. Mtu amelipa, amebandika stika kwenye kioo, na moyoni anaamini kwamba gari lake limekatiwa bima. Kilichokatiwa bima ni madeni yake kwa watu wengine, gari lenyewe halimo. Anayetaka gari lake nalo lilindwe hukata ile ambayo watu wa Tanzania huiita bima kubwa, inayojumuisha mtu wa tatu pamoja na ajali, moto na wizi wa gari lenyewe. Kati ya hizo mbili kuna bima ya mtu wa tatu inayoongezewa moto na wizi tu.

Ada ya bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo wapo wanaoshawishika kutaja thamani ndogo. Akiba hiyo ni ya muda. Gari likiteketea, kampuni haitalipa zaidi ya kiasi kilichoandikwa, na kutoka katika kiasi hicho itakata sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema mteja ataibeba mwenyewe. Sehemu hiyo ipo karibu katika kila mkataba wa bima kubwa, na wengi huijua kwa mara ya kwanza siku wanapokwenda kudai.

Nchini Zambia bima ya gari huuzwa pia kwa robo ya mwaka. Hiyo ni nafuu kwa mfanyabiashara ambaye fedha zake huja kwa msimu, lakini inataka kumbukumbu nzuri, kwani ulinzi hukoma siku ile ile iliyoandikwa na hakuna siku za huruma. Kwa wanaotegemea samaki tatizo lina tarehe zake: uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na hiyo ndiyo miezi ambayo fedha ni haba huku mvua zikifanya barabara kuwa hatari zaidi. Afadhali kulipia robo hiyo mapema, samaki wangali sokoni.

Jina lililo kwenye kitabu

Kabla ya kuingia katika kujitolea, kuna jambo linalowagusa hasa wakimbizi. Kanuni ya kale ya bima inasema kwamba mtu anaweza kukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye atapata hasara, na si kitu cha mtu mwingine. Sasa wapo wanaonunua gari kwa fedha zao lakini wakaliandikisha kwa jina la rafiki au jirani Mzambia kwa sababu njia hiyo inaonekana fupi. Hati ya usajili, ile inayoitwa kitabu cheupe, inabeba jina la rafiki. Bima inabeba jina la rafiki. Siku ya ajali, anayestahili kulipwa ni rafiki. Na rafiki huyo akihama, akifariki au mkigombana, aliyelipa ada miaka yote hana mkononi ila stakabadhi.

Kama njia hiyo imekwisha kutumika, jambo la kufanya ni kwenda na rafiki huyo kwa Wakala wa Usafiri na Usalama Barabarani, RTSA, kubadilisha umiliki, na kuitaarifu kampuni ya bima siku hiyohiyo. Mkimbizi anayehitaji ruhusa ya kutoka nje ya makazi ili akamilishe shughuli hiyo huiomba kwa ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi.

Gari la biashara katika kazi ya kujitolea

Kila mkataba wa bima ya gari una kipengele cha matumizi. Kwa kawaida ni mistari miwili au mitatu tu, nayo ndiyo mistari muhimu kuliko yote. Hapo huandikwa kama gari ni la matumizi binafsi ya nyumbani, la shughuli za biashara ya mwenyewe, au la kubeba abiria na mizigo ya watu kwa malipo. Kila kundi lina ada yake, na la mwisho ndilo ghali kuliko yote kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi.

Mikataba mingi ya matumizi binafsi na ya biashara ya mwenyewe inakataza jambo ambalo kwa Kiingereza cha wanasheria hutajwa kwa maneno mawili tu. Kwa Kiswahili, baada ya kuyapima mara nyingi katika chumba cha habari, nimeona tafsiri iliyo salama ni "kwa kukodishwa au kwa ujira". Neno hilo la pili ni pana. Halimaanishi nauli ya basi peke yake. Abiria wanapochangishana fedha na kumpa dereva ili awapeleke msibani, kampuni inaweza kudai kwamba huo ni ujira, hata kama mwenye gari aliamini kwamba anasaidia.

Basi tofauti iko wapi? Mwenye gari akimbeba mgonjwa bure, kwa mafuta yake mwenyewe, mara chache anakuwa amevuka mpaka wa matumizi binafsi. Akirudishiwa fedha za mafuta kamili na si zaidi, anasimama mahali penye ubishi. Akipokea kiasi kinachozidi gharama zake, au akiwa na ratiba ya kila wiki inayolipwa na shirika, amefanya biashara ya usafiri. Kwa hiyo anahitaji bima ya usafiri pamoja na leseni ya barabara inayohusu magari ya abiria.

Nchini Uingereza suala hilo lilisumbua kiasi kwamba chama cha kampuni za bima kilitoa ahadi ya pamoja: kampuni zilizojiunga nayo hazimtozi mjitoleaji ada ya ziada kwa kutumia gari lake, wala hazihesabu kuwa ujira fedha za mafuta anazorudishiwa ndani ya kiwango kilichokubaliwa. Msikilizaji wa Luapula asidhani kwamba ahadi ya namna hiyo inamhusu. Anachoweza kufanya ni kuiuliza kampuni yake swali lilelile, kwa barua au kwa ujumbe wa simu unaohifadhika: "Gari langu hutumika mara kwa mara kubeba wagonjwa na vifaa vya kamati bila malipo, na wakati mwingine narudishiwa mafuta. Je, mkataba wangu unaruhusu?" Jibu la mdomo la wakala halitoshi. Lililoandikwa litamsimamia siku ya kesi.

Kuna swali la pili, la nani anaendesha. Mkataba humlinda mwenye gari pamoja na mtu anayeendesha kwa idhini yake, mradi mtu huyo ana leseni halali ya aina ya chombo hicho. Kijana wa kamati anayejua kuendesha lakini hana leseni hajalindwa, hata awe hodari kiasi gani. Hapa tunajua kwamba ushauri wetu ni mgumu. Usiku wa manane, mama akiwa katika uchungu na mwenye leseni hayupo, hakuna atakayetafuta mkataba kabatini. Ndiyo sababu kamati inapaswa kulimaliza swali hili mchana, kwa kuandika majina ya madereva wawili au watatu wenye leseni walio tayari kuamshwa.

La tatu ni idadi na mahali pa kukaa. Watu kumi na tano waliosimama nyuma ya gari la mizigo wamezidi kile ambacho chombo kimeruhusiwa kubeba. Baadhi ya mikataba ya magari ya mizigo haiwalindi kabisa abiria wanaokaa sehemu ya mizigo. Kwa pikipiki, ulinzi wa anayepakiwa nyuma hautokani na mazoea, hivyo uulizwe waziwazi.

Na msikilizaji asijipe moyo kwamba mtu wa tatu atalipwa kwa vyovyote na mambo yatakwisha. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, inailazimisha kampuni kumlipa mwathirika aliyeshinda kesi hata pale mwenye bima alipovunja baadhi ya masharti. Lakini sheria hiyohiyo inaipa kampuni njia ya kumgeukia mteja wake na kumdai fedha hizo.

Mjitoleaji anapoumia

Hadi hapa tumezungumza juu ya gari. Aliyepanda gari naye ana swali lake. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi nchini Zambia unasimama juu ya Sheria namba 10 ya mwaka 1999, na msingi wake ni uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Mtu anayepokea posho kidogo kwa kuhamasisha usafi au kupima watoto utapiamlo, bila mkataba wa ajira, asichukulie kwamba mfuko huo utamtambua.

Baadhi ya mashirika yameliona pengo hilo. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lina mpango wa bima ya ajali kwa wajitoleaji, ambao chama cha taifa huweza kuwaandikishia watu wake. Kwa hiyo mtu anayeombwa kujitolea na shirika lolote ana haki ya kuuliza kabla ya kuvaa fulana: nikivunjika mguu kazini, nani analipa hospitali? Je, jina langu limo katika orodha iliyopelekwa kwa kampuni ya bima? Mimi naamini kwamba shirika linalokasirishwa na maswali hayo halijajiandaa.

Duka, ghala na mzigo

Bima ya biashara si moja. Mwenye duka anaweza kukata ya moto, ya wizi, ya mzigo ulio njiani, ya fedha zinazopelekwa benki, na ya madhara yanayompata mteja ndani ya duka. Kila moja hununuliwa peke yake au katika kifurushi. Tuseme wazi kwamba kibanda cha turubai au cha nyasi hakikubaliki kirahisi katika bima ya moto, na pale kinapokubaliwa ada huwa juu. Ukuta wa matofali na paa la bati hubadilisha mazungumzo.

Bima ya wizi nayo ina sharti linalowashangaza wengi: kwa kawaida lazima zionekane alama za kuvunjwa, kama vile kufuli lililokatwa au dirisha lililong'olewa. Bidhaa zilizopungua bila alama, au zilizochukuliwa na msaidizi wa dukani, haziingii.

Kanuni inayoumiza zaidi ni ile ya uwiano. Tuchukue mfano wa hesabu. Duka lina bidhaa za kwacha 40,000, lakini mwenyewe, ili apunguze ada, ameandika kwacha 20,000. Moto unateketeza bidhaa za kwacha 10,000. Yeye hutarajia kulipwa 10,000, kwa kuwa ni chini ya 20,000. Kampuni itasema: uliikatia bima nusu ya mali yako, hivyo tutalipa nusu ya hasara yako. Atapata 5,000, na humo itakatwa sehemu ya kubeba mwenyewe. Mikataba mingi ya moto ina kipengele hicho, na ni halali.

Ushahidi wa hesabu hizo ni daftari la duka. Mwenye duka asiye na stakabadhi za manunuzi ana kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba magunia yalikuwapo, kwa sababu moto uliyala pamoja na ushahidi. Piga picha za kurasa za daftari kila mwezi, uzihifadhi katika simu ya mtu mwingine.

Kufungwa kwa uvuvi si janga la bima. Hata bima ya kusimama kwa biashara, inayouzwa kwa maduka makubwa, kwa kawaida hulipa pale biashara iliposimama kwa sababu ya mali kuharibika, si kwa amri ya serikali. Wakati wa janga la korona wafanyabiashara wa Uingereza walibishana na kampuni juu ya jambo hilo hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 iliamua sehemu kubwa ya hoja kwa manufaa ya wateja. Uamuzi huo ulisimama juu ya maneno ya vipengele vilivyokwisha kuandikwa katika mikataba yao. Asiye na kipengele hana cha kubishania.

Kwa miezi hiyo mitatu, na kwa wenye vibanda ambavyo kampuni hazivitaki, kinachobaki ni kile ambacho Wakongo huita likelemba na Wazambia chilimba, pamoja na vikundi vya akiba vyenye mfuko wa dharura. Mfuko huo si bima: hauna mkataba, na moto ukiunguza soko zima wanachama wote wataudai siku moja. Lakini hulipa haraka, na hauulizi juu ya paa.

Ukivuka mpaka

Bima ya mtu wa tatu ya Zambia inakoma mpakani. Anayeendesha kupitia Chiengi kwenda Pweto, au kupitia Nakonde kuingia Tanzania, anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Mpango huo ulianza kufanya kazi mwaka 1987, na Zambia, Kongo na Tanzania zote zimo. Kadi hutolewa na kampuni ya bima ya nyumbani kabla ya safari, na humlinda mtu wa tatu kwa kufuata sheria ya nchi unayoitembelea, pamoja na gharama za matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Hailindi gari lako wala mzigo wako. Ajali ikitokea upande wa pili, taarifa hutolewa kwa ofisi ya mpango huo katika nchi hiyohiyo, usisubiri kurudi nyumbani.

Siku ya ajali

Toa msaada kwa walioumia, kisha ripoti polisi na uombe nakala ya ripoti. Andika namba za magari na majina ya walioshuhudia. Usitie sahihi karatasi ya kukiri kosa, wala usiahidi kulipa kwa niaba ya kampuni, kwani mikataba mingi inakataza. Iarifu kampuni upesi, ndani ya siku zilizotajwa katika mkataba, kwa njia inayoacha kumbukumbu. Asiyejua Kiingereza aende na mtu anayesoma vizuri, asitie alama ya kidole kwenye fomu ambayo hajasomewa yote. Hasa asome kwa makini karatasi inayosema kwamba malipo aliyopokea ni ya mwisho: akishaitia sahihi, ni vigumu kudai zaidi.

Kampuni ikikataa kulipa, dai sababu kwa maandishi, likiwa limetajwa neno la mkataba lililotumiwa kukataa. Jibu hilo, pamoja na nakala ya mkataba, stakabadhi za ada na ripoti ya polisi, ndiyo mafaili ya kupeleka PIA mtu anapowasilisha malalamiko.